Kipepeo wa Samoa na bakteria anayeua madume

Ndugu zangu, hili nimelisema katika kila ukumbi nilioalikwa, na leo nalirudia: mageuzi ya viumbe yanaweza kutokea mbele ya macho yetu. Nalirudia kwa sababu bado tunawafundisha watoto kwamba mageuzi ya viumbe ni habari ya mifupa ya Olduvai na mamilioni ya miaka. Twendeni Samoa.

Kuna kipepeo kule, Hypolimnas bolina. Dume lake ni jeusi, na mabaka meupe mbawani yamezungukwa na buluu inayometameta. Mwaka 2001 watafiti walipowahesabu katika visiwa vya Upolu na Savai'i, kati ya vipepeo 100 dume alikuwa mmoja tu. Muuaji ni Wolbachia, bakteria anayeishi ndani ya seli na kurithishwa kwa yai la mama peke yake. Mbegu ya dume haimbebi. Kwake dume hana faida, basi anamuua angali ndani ya yai, na nusu ya mayai hayaanguliwi.

Kufikia mwaka 2006, madume Savai'i walikuwa karibu asilimia 40. Vizazi 10 tu, au pungufu!

Najua kuna anayejiambia kwamba bakteria alipungua makali. La hasha. Watafiti walichukua majike wa Samoa wenye bakteria, wakawapandisha na madume wa kisiwa kingine ambako jeni ya kinga haipo, kizazi baada ya kizazi. Madume wakaanza kufa tena. Bakteria ni yuleyule na makali ni yaleyale. Aliyebadilika ni kipepeo: alipata jeni inayomwokoa dume hata bakteria akiwa mwilini mwake.

Kwa nini ienee upesi hivyo? Pigeni hesabu. Kila kiwavi ana baba. Madume wakiwa adimu kiasi kile, kila mmoja wao anakuwa baba wa watoto wa majike wengi. Kwa hiyo mama anayeweza kuzaa dume hai atapata wajukuu wengi kupita jirani zake wote, na wajukuu hao wanaibeba jeni. Tafadhali msiniandikie kwenye mtihani kwamba "wadudu waliona hatari wakajirekebisha". Hakuna kipepeo aliyeona wala kuamua chochote. Wenye jeni walizaa zaidi, basi.

Wala msidhani bakteria alitoweka. Bado yumo. Dume aliyenusurika naye mwilini akimpanda jike asiye naye, mayai yanakufa. Hiyo ni mbinu yake ya pili, na haikuweza kuonekana wakati madume wote walikuwa wakifa.

Naona naoneshwa saa, basi haya mengine nayataja kwa haraka. Kwetu pia yapo. Kipepeo Danaus chrysippus wa maeneo ya Nairobi huuliwa madume na bakteria mwingine, Spiroplasma. Uganda kuna kipepeo Acraea encedon, mwenye Wolbachia. Wenye nyavu, tokeni mkahesabu madume.

Na mbu. Kule Yogyakarta, Indonesia, mbu waliopandikizwa Wolbachia walipunguza wagonjwa wa homa ya dengue kwa asilimia 77. Ni kazi kubwa, naiunga mkono. Lakini mbu naye ana jeni zake, na mayai yanayokufa kwa mbinu ileile ya pili ya Wolbachia ni shinikizo kwake kama lilivyokuwa kwa kipepeo. Mradi wa namna hiyo ukiletwa kwetu, fedha za kuwapima mbu kila mwaka baada ya kuwaachia ziwemo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.