Ngoma Huanzia Mdomoni

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi ambao naona mmeshazikumbatia ngoma kabla sijafungua kinywa, asanteni kwa kuja.

Leo namzungumzia Babatunde Olatunji, mpiga ngoma wa Nigeria aliyekua akisema Kiyoruba. Alizaliwa mwaka 1927 huko Ajido, kijiji cha wavuvi, na mwaka 1950 akaenda Atlanta, Marekani, kusoma Chuo cha Morehouse kwa ufadhili. Nia yake ilikuwa udiplomasia. Lakini wanafunzi wenzake, weusi kama yeye, walikuwa wakimuuliza habari za Afrika ya kwenye sinema, ya simba na watu wa porini. Akaona maneno matupu hayatoshi. Akawapigia ngoma.

Mwaka 1960 santuri yake, Drums of Passion, ikatoka na kuuzwa sana. Angeweza kuishia jukwaani, akala jina lake. Yeye akafungua kituo cha utamaduni wa Afrika huko Harlem, jijini New York, Mtaa wa 125, apate kufundisha. John Coltrane, mpiga saksafoni maarufu wa jazi wa Marekani, alimheshimu mno. Alipiga saksafoni pale kituoni tarehe 23 Aprili 1967, na Julai ya mwaka huohuo akafariki.

Sasa nifike kwenye lililonileta. Olatunji alifundisha kwa silabi sita: gun, dun, go, do, pa, ta. Gun na dun ni mvumo, kiganja kizima katikati ya ngozi. Go na do hupigwa ukingoni, vidole vimekaa pamoja, sauti iko wazi. Pa na ta ni kofi kali. Katika kila jozi, ya kwanza ni mkono wa kulia, ya pili wa kushoto. Kwa msemaji wa Kiyoruba si ajabu: lugha yenyewe hupanda na kushuka, na ngoma za Wayoruba ziitwazo dundun husema maneno watu wakaelewa.

Mimi nilifundisha miaka mingi kwa kusema, "Tazama mikono yangu." Mtoto ameketi akinielekea; mkono wangu wa kulia, kwake uko kushoto. Wengi walijifunza kinyume, nami nikawagombeza. Inaniuma mpaka leo, maana kosa lilikuwa langu. Nilipoanza kuwatamkisha kwanza, mikono ikafuata yenyewe. Na aliyekosa ngoma, kwa kuwa hazitoshi kamwe, hakai bure: anapiga mapaja yake na somo linaendelea. Wapo wasemao hiyo ni michezo ya chekechea. Sikubaliani nao hata kidogo. Mpigaji asiyeweza kuutamka mdundo wake, ukimpotea katikati ya ngoma hana pa kuushikia.

Olatunji aliendelea kufundisha uzeeni, watu wazima wasiowahi kugusa ngozi, hadi alipofariki California mwezi Aprili 2003.

Basi, mikono mapajani. Ngoma tuziache kwanza. Semeni nami, polepole: gun, go-do, pa-ta. Tena.