Otesha pasheni kwa mbegu, kisha uipe pa kushika

Karibuni watazamaji. Leo tunaotesha pasheni kwa mbegu, halafu tunaupa mche njia ya kupanda juu.

Chukua tunda lililoiva mpaka ganda limekunjamana. Likate, mimina mbegu kwenye bakuli, ongeza maji kidogo, uziache siku mbili tatu. Sasa tazama hapa: ninazisugua kwa vidole ndani ya chujio. Ule ute wote utoke, kwa sababu huchelewesha mbegu kuota. Zikibaki nyeusi na vishimo vyake vidogo vidogo vinaonekana, zimetakata.

Zipande zikiwa mbichi hivyo hivyo. Mbichi mara nyingi huchomoza ndani ya wiki 2 hadi 4, ilhali kavu zinaweza kukaa miezi. Kama ulizonazo ni kavu, zikwaruze kidogo kwa msasa, kisha ziloweke saa 24 kwenye maji ya uvuguvugu.

Changanya mboji na mchanga, fukia mbegu kina cha sentimita 1, weka mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 30. Udongo uwe na unyevu tu. Maji yakizidi, mche huoza pale shina linapogusa udongo, ukalala ghafla.

Mche ukitoa majani halisi mawili au matatu, yaani yale yanayofuata yale mawili ya kwanza ya mbegu, uhamishie kwenye chungu chake. Shika jani, usishike shina.

Na hapa ndipo penye utamu. Sogea uone: kwenye kwapa la jani, pale jani linapoungana na shina, kumechomoza uzi wa kijani ulionyooka. Hicho ni kikono. Kikigusa kitu hujipinda kukizunguka, kisha hujisokota kama springi na kuuvuta mmea karibu. Ila nguzo nene hakiiwezi kabisa! Wengi husimika mti mnene, mmea ukabaki unatambaa chini. Upe kitu chembamba: kamba ya katani, waya, au kijiti kisichozidi unene wa penseli. Kichomeke siku ile ile unapohamisha mche, usije ukakata mizizi baadaye.

Vikono visipokuwa tayari, fungia shina kwa utepe wa kitambaa. Upitishe kwa umbo la namba 8, mzunguko mmoja kwenye kijiti na mwingine kwenye shina, ukiacha nafasi shina linenepe.

Mmea ukifika juu ya kamba au waya wake, kata ncha yake. Matawi ya pembeni yatachipua, na maua hutokea kwenye machipukizi hayo mapya.