Michango Hutoka Kwenye Siku za Kawaida

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wa klabu, wazazi na walezi, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma, asanteni kwa kunialika. Mliniomba nizungumzie hafla za kuchangisha fedha. Nitazizungumzia, lakini nitaanza na shughuli za watoto na nitakaa hapo kwa muda, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba fedha za klabu hazipatikani siku ya hafla. Zinapatikana siku ya kawaida katikati ya wiki, mtoto anaporudi nyumbani na kusimulia alichofanya klabuni mpaka mzazi wake anatamani kuja kuona kwa macho yake. Siku ya hafla watu huja kuchangia kitu ambacho tayari wanakiamini. Kama hawakiamini, hata muziki na mapambo havitawashawishi.

Ukitaka kuijua klabu, simama mlangoni robo saa ya kwanza. Watoto hawafiki kwa pamoja. Mmoja anatangulia, wawili wanafuata, kisha linakuja kundi lenye kelele. Kama kila kitu kinasubiri "mpaka wote wafike," wakubwa watauteka mpira, wadogo wataegemea ukuta, na yule aliyekuja kwa mara ya kwanza ataanza kufungua na kufunga kamba za viatu vyake ili asionekane hana la kufanya. Mtoto huyo hatarudi wiki ijayo, na hatamwambia mtu kwa nini. Dawa yake ni ndogo. Wekeni meza karibu na mlango yenye kazi ambayo mtoto mmoja anaweza kuianza na mwingine akajiunga bila kuomba ruhusa: makaratasi magumu, gundi, nyuzi, ubao wa drafti. Na mlangoni asimame kijana mkubwa anayeyajua majina. Mtoto akiitwa kwa jina kabla hajavuka kizingiti, nusu ya kazi ya siku hiyo imekwisha.

Najua wengi wenu mnajiuliza: shughuli gani, na vifaa viko wapi? Nawakumbusha Desemba 1891, katika chuo cha YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, mjini Springfield, Massachusetts, nchini Marekani. Mwalimu James Naismith alipewa darasa la wanaume 18 waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Alichukua mpira wa miguu, akapigilia vikapu viwili vya matunda kwenye roshani ya ukumbi, kimo cha futi 10, akaandika kanuni 13. Vikapu vilikuwa vimezibwa chini, kwa hiyo kila mpira ulipotumbukia ilibidi mtu aende kuutoa. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mpira wa kikapu. Miaka minne baadaye, mwaka 1895, katika tawi la YMCA la Holyoke, si mbali na hapo, William Morgan alibuni mpira wa wavu kwa ajili ya watu wa makamo walioona kikapu kina purukushani nyingi mno. Michezo miwili inayochezwa leo dunia nzima ilitoka kwenye kumbi za chama cha vijana, mikononi mwa watu waliowatazama wachezaji wao kwanza, kisha wakaangalia vilivyopo stoo.

Jambo jingine nalipenda zaidi. Msanifu wa bustani wa Denmark, Carl Theodor Sørensen, aliona kwamba watoto waliziacha bembea alizowatengenezea, wakaenda kucheza kwenye viwanja vya ujenzi, kwenye mbao na matofali. Hakuwakemea. Mwaka 1943, nchi yake ikiwa chini ya uvamizi wa Wajerumani, kilifunguliwa kiwanja cha michezo huko Emdrup, Copenhagen, kilichojaa mbao, kamba na vyuma chakavu, na pembeni mtu mzima wa kuangalia usalama. Watoto walijenga, wakabomoa, wakajenga tena. Baada ya vita, Lady Allen wa Hurtwood, msanifu wa bustani wa Uingereza, alikitembelea, akaipeleka fikra hiyo kwao, ambako miji ilikuwa na viwanja vingi vilivyobaki wazi baada ya mabomu. Nawasihi viongozi mkumbuke hili mnapoandika bajeti. Mara nyingi tunanunua kitu cha kung'aa kwa sababu kitapendeza kwenye picha ya mfadhili, mtoto anakitumia wiki mbili, kisha anarudi kwenye boksi kilichokuja nalo.

Tuwaulize watoto wenyewe. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, una kifungu cha 31 kinachotambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza, na kifungu cha 12 kinachompa haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Vifungu hivyo viwili vinafaa kukaa pamoja ukutani mwa kila klabu. Lakini kuuliza kuna namna yake. Ukisimama mbele ya watoto 40 ukasema, "Nani anataka mpira?" mikono itanyooka, na utaondoka ukidhani umepata jibu. Wagawe wanne wanne, mpe kila kundi karatasi, uliza ni shughuli gani inawachosha na ni saa ngapi wanatamani kwenda nyumbani. Majibu hayo yatakufundisha zaidi. Na mkishauliza, tekelezeni walau jambo moja mbele ya macho yao, upesi, la sivyo mara ya pili hawatajibu.

Kuhusu rika nitasema kwa kifupi. Mtoto wa miaka 7 na kijana wa miaka 15 hawawezi kupangiwa ratiba moja. Kijana akiona anahesabiwa miongoni mwa wadogo, anaondoka. Akipewa dhamana ya kweli, ufunguo wa stoo au daftari la mahudhurio, anabaki.

Sasa twende kwenye fedha.

Swali la kwanza kabla ya hafla yoyote si "tutapata kiasi gani?" bali "kitabaki kiasi gani?" Klabu inayokusanya 100 na kutumia 70 kwa ukumbi, vipaza sauti, fulana na usafiri imepata 30. Klabu iliyokusanya 50 kwa maonyesho ya kazi za watoto, kwenye jengo lake lenyewe, ikatumia 5, imepata 45 na walezi wake wamelala usingizi. Hesabuni pia saa za watu. Katika klabu nyingi wanaojitolea ni walewale watano. Wakimaliza miezi miwili kwenye maandalizi, nani aliyekuwa na watoto miezi hiyo miwili? Mimi naona hafla moja kubwa kwa mwaka inatosha, mbili zikizidi sana.

Na hiyo moja irudieni kila mwaka, wakati uleule. Mtunzi wa muziki George Frideric Handel aliongoza onyesho la muziki la kuchangia makao ya watoto waliotelekezwa jijini London, yaliyoitwa Foundling Hospital, mwezi Mei 1750. Watu walijaa mpaka wengine wakakosa nafasi, ikabidi onyesho lirudiwe wiki mbili baadaye. Lilipoonekana limefaa, hawakuhangaika kutafuta kitu kipya. Likawa la kila mwaka, likaendelea hata baada ya yeye kufariki mwaka 1759. Watu walijua linakuja, wakajiandaa.

Makao hayohayo yana habari nyingine inayoniumiza, na siwezi kuzungumza juu ya michango ya watoto bila kuitaja. Waombaji walipozidi nafasi, kuanzia mwaka 1742 akina mama waliobeba watoto wao walichota mpira mdogo wa rangi kutoka kwenye mfuko. Mweupe, mtoto anapokelewa akipita uchunguzi wa afya. Mwekundu, unasubiri. Mweusi, unaondoka naye. Na watu wa tabaka la juu walikuja kutazama. Machozi ya mama yaligeuka kivutio cha wageni, chini ya paa la nyumba iliyojengwa kwa huruma. Msidhani hayo yameisha. Tunapomsimamisha mtoto jukwaani asimulie umaskini wa kwao ili wageni wafungue pochi, tunatumia mfuko uleule wa mipira. Mtoto huyo kesho atakaa darasani na wenzake waliomsikia. Asimame jukwaani, ndiyo, lakini aonyeshe anachokiweza: sarakasi, shairi, roboti aliyoiunda kwa makopo. Mcheza kwao hutunzwa, na kumtunza mtoto kwa ustadi wake ni tofauti kabisa na kumhurumia.

Ndiyo maana napenda matembezi na mbio za kuzunguka uwanja. Hazihitaji ukumbi, na mtoto anachangia kwa miguu yake. Ila kuna kasoro inayojirudia. Kila mtoto hupewa kadi, atafute watu wa kumwahidi kiasi fulani kwa kila mzunguko. Mwenye wajomba wenye kipato anarudi na kadi iliyojaa. Mwingine anarudi na kadi tupu, anaificha, na siku ya mbio anaugua tumbo. Ondoeni kadi za mtu mmoja mmoja. Mizunguko yote iwe ya klabu nzima, na wachangiaji waahidi kwa jumla yake. Hapo mtoto mdogo aliyetembea mizunguko mitatu amemwongezea mwenzake aliyekimbia 20, na ubao wa kuhesabia ukiwekwa mahali pa wazi mtaona watoto wakirudi uwanjani bila kuitwa ili waongeze mmoja zaidi.

Msidharau kidogo kidogo. Mwaka 1885 Marekani ilikosa fedha za kumalizia msingi wa sanamu ya Uhuru jijini New York. Joseph Pulitzer, mwenye gazeti la The World, aliwaomba wananchi wa kawaida. Zaidi ya watu 120,000 walichanga, wengi wao chini ya dola moja kila mtu, na zikapatikana dola zaidi ya 100,000 katika miezi michache. Darasa la chekechea kutoka Iowa lilituma dola 1.35. Pulitzer aliahidi kuchapisha jina la kila mchangiaji, hata awe ametoa kidogo namna gani, akatimiza. Kwenye klabu zetu mara nyingi jina linalosomwa kwa sauti ni la aliyetoa kikubwa, na wengine huitwa "na wengineo." Bandikeni majina yote, kwa alfabeti, bila kiasi. Asiyetaka jina lake liandikwe aheshimiwe pia.

Kisha ile saa baada ya wageni kuondoka, ambapo klabu nyingi huharibikiwa. Kila mtu amechoka, viti vinakunjwa, na sanduku liko mezani. Mtu mmoja mwema anasema atakwenda nalo nyumbani, atahesabu asubuhi. Msimruhusu, kwa faida yake mwenyewe. Sanduku lifunguliwe palepale, wahesabu watu wawili wasio ndugu, kila mmoja kwa zamu yake, noti zikipangwa kwa thamani na sarafu kwa mafungu. Wakitofautiana, warudie. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, wote wawili waweke sahihi, na chenji iliyotolewa asubuhi kuanzia mauzo itolewe kwenye hesabu kabla ya kutangaza chochote. Fedha ziende benki siku ya kazi inayofuata, zote, bila kulipia deni lolote njiani. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nami nimeshuhudia urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa tofauti ndogo ambayo hakuna aliyeweza kuieleza, ingawa hakuna aliyeiba. Na kama mnapanga bahati nasibu, ulizeni mapema kwenye mamlaka husika, maana nchi nyingi zinataka kibali.

Siku ya hafla ndiyo siku ya hatari zaidi kwa watoto, na hili huwa halisemwi. Siku za kawaida macho ya walezi yako kwa watoto. Siku ya hafla macho yote yako kwa wageni, geti liko wazi, na watu msiowajua wanapita kila kona. Teueni watu ambao kazi yao pekee siku hiyo ni watoto. Wasiuze tiketi, wasimpokee mgeni rasmi, wasishike kamera. Daftari la kuingia na kutoka lifanye kazi kama siku nyingine, na mtoto akabidhiwe kwa mtu aliyeandikishwa tu. Picha zipigwe kwa idhini ya mzazi na ya mtoto mwenyewe. Na kamwe mtoto asitumwe nyumba kwa nyumba kuuza au kuchangisha peke yake.

La mwisho ni shukrani, na nawaomba mzipeleke ndani ya wiki moja. Barua fupi: tulipata kiasi hiki, tulitumia hiki, kilichobaki kitanunua nyavu na kutengeneza bomba la choo. Ndiyo, litajeni bomba la choo, watu wanaliamini kuliko "kuendeleza vipaji." Mtoto akitaka kuongeza mstari wake aandike mwenyewe, na msimsahihishie tahajia. Miezi mitatu baadaye waalikeni wachangiaji waje siku ya kawaida, bila jukwaa na bila hotuba, waikute ile meza ya mlangoni ikiwa na watoto.

Mwenyekiti, muda wangu umefika. Napenda maswali yaanze na vijana walio nyuma, kisha wazazi, na sisi viongozi tusubiri zamu yetu.