Meza ya Jioni Huanza Asubuhi

Ndugu zangu wa Freemason mliopewa mwaka huu kazi ya agape, yaani chakula cha pamoja baada ya kikao cha loji, mnajua kwamba katika daraja la mwanafunzi, lile la kwanza, kazi ya loji hufunguliwa saa sita mchana na kufungwa saa sita usiku. Hizo ni saa za alama. Saa za Lubumbashi ni nyingine: mlango wa loji unafungwa saa moja jioni, na yule anayetayarisha chakula ametoka kazini, amepita benki, amefuata suti kwa dobi, na unga uko ndani ya gari. Agape ikiharibika, mara nyingi imeharibika kabla ya saa kumi alasiri.

Tuchukue meza ya watu 30. Mizunguko ya mchana msiipange kwa ukaribu wa maduka. Ipangeni kwa kuuliza ni kitu gani hakingoji. Benki hutangulia, kwa sababu inafunga mapema. Kagueni dola noti kwa noti palepale dirishani, maana iliyochanika pembeni hata kidogo itakataliwa sokoni. Kisha vitu vikavu: unga wa mahindi kilo 6, yaani gramu 200 kwa mtu, mafuta ya mawese, chumvi, na makala (makaa ya kupikia), hata kama jikoni kuna jiko la umeme. Kwenye vinywaji pelekeni chupa tupu pamoja na kreti, la sivyo mtalipia na chupa.

Nyama ni ya mwisho. Mbuzi kilo 9 pamoja na mifupa inatosha, na kutoka buchani hadi jikoni zisipite saa mbili. Kosa ninaloliona likirudi kila mara ni kuinunua asubuhi kwa kuwa soko liko njiani kuelekea kazini, kisha inashinda ndani ya gari lililofungwa. Mwezi wa 10, wakati joto letu liko juu kabisa, nyama hiyo hakuna kiungo kitakachoiokoa. Na mkoba wenye aproni na glavu nyeupe za kuvaa lojini usikae karibu na samaki. Harufu ya samaki wa thomson haitoki kwenye glavu kwa kupungia upepo.

Sombe inataka subira. Majani yaliyotwangwa yachemke bila mfuniko saa moja na nusu hivi kabla ya mawese kuingia, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na hiyo hutoka na mvuke. Mpishi aliyecheleweshewa majani hufunika sufuria ili yaive haraka. Asilaumiwe yeye; alaumiwe aliyeyaleta saa kumi na mbili.

Bukari, yaani ugali, ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu inapikwa mwisho na mpishi hajui kazi itaisha lini: mlango umefungwa na mlinzi yupo. Kubalianeni saa na Mkuu wa Loji mapema. Kama chakula ni saa tatu usiku, maji yawe motoni saa mbili na dakika kumi na tano. Tumieni sufuria mbili za kilo 3. Kwenye moja ya kilo 6 mwiko haufiki chini vizuri, madonge yanabaki na chini panaungua. Ikiiva, ifunikwe ndani ya kisanduku cha kutunzia baridi. Kinatunza moto vilevile. Sikukuu ya Mtakatifu Yohana ya kiangazi cha Ulaya, tarehe 24 Juni, inaangukia kwenye baridi yetu kali, na bukari iliyoachwa wazi hapo inakuwa jiwe.

Meza ni ya umbo la kwato ya farasi. Kila mtu anahitaji sentimita 60, kwa hiyo watu 30 ni mita 18 za ukingo wa nje: meza tisa za mita 2, tatu kichwani na tatu kila mkono. Mkuu anakaa katikati ya kichwa, Wasimamizi wawili, wasaidizi wake, kwenye ncha za mikono, na hakuna anayekaa upande wa ndani isipokuwa mwenye kazi huko.

Kwenye karamu rasmi yenye heshima saba za kunywea, mimineni kila mtu sentilita 5 kila mara. Hesabu yake ni chupa 14 za divai za sentilita 75, na hapo hakuna atakayetoka akiyumba. Glasi ziwe na kitako kinene, kwa kuwa zitagongwa mezani kwa pamoja. Za shampeni zenye mguu mwembamba zitavunjika. Asiyekunywa pombe asionewe aibu. Katika lugha yetu ya meza, iliyojaa maneno ya mizinga, divai ni baruti kali na maji ni baruti dhaifu. Zote mbili ni baruti, na heshima anayoitoa ni ileile.

Jambo hili ni la zamani. Katiba ya Freemason iliyoandikwa na James Anderson na kuchapishwa London mwaka 1723 ina kifungu juu ya ndugu waliobaki baada ya loji kufungwa: wafurahi bila kupita kiasi, wasimlazimishe mtu kula wala kunywa kupita apendavyo, wala wasimzuie kuondoka shughuli zake zikimwita. Kwa hiyo ulizeni kabla ya kupanga viti nani ana safari ya alfajiri kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Huyo akae mwisho wa mkono ulio karibu na mlango, na sahani yake ipakuliwe kwanza.