Faili za PDF Zimebaki na Aikoni Nyeupe Baada ya Kuondoa Programu: Namna ya Kuzirekebisha

Karibuni, watazamaji. Kwenye skrini mnaiona folda yenye barua, risiti na fomu, zote za PDF, na zote zina aikoni moja, yaani karatasi nyeupe isiyo na alama. Tangu nilipoondoa programu niliyokuwa nikizisomea, kila nikibofya faili mojawapo Windows inaniuliza niifungue kwa programu gani. Kabla hamjagusa chochote, fahamuni kwamba faili zenyewe ni nzima. Kilichoharibika ni maelezo yaliyomo kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake), yanayosema faili yenye kiendelezi .pdf, yaani herufi za mwisho wa jina lake, ifunguliwe na programu fulani; programu imeondoka, maelezo yamebaki yakielekeza mahali patupu, na kwa kuwa aikoni nayo ilikuwa ikichukuliwa ndani ya programu hiyo, imepotea pamoja nayo.

Tuanze na njia nyepesi, ambayo mara nyingi hutosha. Bofya faili moja kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Open with", kisha "Choose another app". Ikiwa huna programu nyingine ya PDF, chagua Microsoft Edge, ambayo huzisoma faili hizi bila kuhitaji kupakua kitu na kumaliza bando. Hapa ndipo wengi hukosea: katika Windows 11 bonyeza "Always", si "Just once", kwa sababu ukibonyeza hiyo ya pili faili itafunguka sasa hivi na kesho utaulizwa tena swali lile lile. Katika Windows 10, weka alama ya tiki kwenye kisanduku kilicho chini ya orodha kabla ya kubonyeza OK.

Ikiwa ulichoondoa ni programu ya kuchezea video, iliyokuwa ikishika .mp4, .mkv, .avi na nyinginezo, fungua Settings, ingia Apps, halafu Default apps. Katika Windows 11 andika kiendelezi kwenye kisanduku cha juu, pamoja na nukta yake, uchague programu mpya, kisha urudie kwa kila aina ya faili. Kazi hii inachosha, lakini haina hatari yoyote.

Sasa inawezekana faili zinafunguka vizuri, ila aikoni bado ni nyeupe. Windows huhifadhi nakala za aikoni ili isizisome upya kila mara, na nakala hizo zikipitwa na wakati, huna budi kuzifuta ili itengeneze nyingine. Hifadhi kazi zako, funga madirisha yote, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), na uandike amri hizi moja baada ya nyingine:

cd /d %localappdata%\Microsoft\Windows\Explorer
taskkill /f /im explorer.exe
del /a iconcache*
start explorer.exe

Baada ya amri ya pili, aikoni za skrini na upau wa chini vitatoweka. Usishtuke wala usizime kompyuta; amri ya nne itavirudisha.

Hatua ya mwisho ni ya rejista, na ifanywe tu endapo zilizotangulia zimeshindikana. Fungua regedit, programu ya Windows ya kuhariri rejista, ufuate njia hii:

HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\FileExts\.pdf

Kabla ya kufuta, bofya .pdf kwa kitufe cha kulia, chagua Export, na uhifadhi nakala mahali utakapoikumbuka. Ndani yake utaona UserChoice, yaani chaguo lako la programu. Usijaribu kuandika jina la programu humo kwa mkono, kwa kuwa tangu Windows 8 chaguo hilo huambatana na msimbo wa uthibitisho, na usipolingana Windows hulikataa. Futa UserChoice yote, endapo Windows itakuruhusu, toka kwenye akaunti yako na uingie tena, kisha urudie ile njia ya kwanza ya "Open with".

Mtakutana pia na programu zinazojinadi kusafisha rejista kwa kubofya mara moja. Mimi sizitumii, kwa sababu hufuta mambo mengi kwa pamoja bila mwenye kompyuta kujua kilichoondolewa, ilhali hapa tatizo letu lilikuwa kiendelezi kimoja. Sasa nabonyeza F5 ili folda isomwe upya, na kama mnavyoona, aikoni zimerudi.