Katherine Dunham na Kazi ya Ngoma katika Jamii

Walimu wangu, wanafunzi na wapenzi wa sanaa za maonyesho,

Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya kisanii ya Katherine Dunham, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Chicago tarehe 22 Juni 1909 na kufariki New York tarehe 21 Mei 2006, akiwa amebakiza mwezi mmoja tu atimize miaka 97. Wanaomwandika humpa majina mengi: mcheza dansi, mtunzi wa dansi, mwanaanthropolojia, mwenye kikundi, mwalimu, mwandishi, mtetezi wa haki. Wingi huo wa majina umewafanya baadhi ya watu wamwone kuwa mtu aliyeonja kila chungu bila kukaa kwenye mlo wowote. Mimi nasema kwamba alikuwa na swali moja alilolishika tangu ujana wake hadi uzee: ngoma hufanya kazi gani katika jamii inayoicheza, na ikitolewa pale ikapandishwa jukwaani, kazi hiyo hubaki au hupotea? Nitayapita haraka mambo yasiyohusu swali hilo, hata yale yaliyompatia sifa kubwa.

Alilelewa katika miji midogo ya Illinois, na mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Kaka yake, aliyekuwa akisoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Chicago, ndiye aliyemvuta huko. Wakati huohuo alikuwa akijifunza baleti, kwanza kwa walimu wachache waliokuwa tayari kumfundisha msichana mweusi, kisha kwa Ludmilla Speranzeva, mhamiaji kutoka Urusi, ambaye kwake alijifunza pia kwamba dansi inaweza kubeba hadithi na uigizaji. Chuoni akamsikia mwanaanthropolojia Robert Redfield akieleza jinsi mila za Kiafrika zilivyoendelea kuishi ng'ambo ya bahari miongoni mwa wajukuu wa watumwa, na hapo masomo na dansi vikaanza kuzungumza. Kama mila zinaishi katika hadithi na ibada, basi zinaishi pia katika mabega, viuno na nyayo, na huko hakuna mtafiti aliyekuwa amekwenda kuzitafuta kwa dhati.

Mwaka 1935 alipata ufadhili wa mfuko wa hisani wa Rosenwald. Inasimuliwa kwamba mbele ya wajumbe wa mfuko huo alivua koti lake, akabaki na vazi la mazoezi, akawachezea kwanza baleti kisha mtindo wa Kiafrika, ili waone kwa macho tofauti ambayo asingeweza kuieleza kwa maneno. Baada ya kuandaliwa na mwanaanthropolojia Melville Herskovits katika Chuo Kikuu cha Northwestern, alisafiri Jamaica, Martinique, Trinidad na Haiti. Jamaica alikaa Accompong, kijiji cha Wamaroon, watu waliotokana na watumwa waliotoroka na kupigana na Waingereza mpaka wakapewa mkataba wao. Alisubiri karibu muda wote wa kukaa kwake kabla ya kuiona ngoma ya vita iitwayo Koromantee, na alipoiona hakubaki pembeni na daftari, aliingia akacheza.

Haiti ndiko alikozama. Jeshi la Marekani lilikuwa limeondoka kule mwaka 1934, baada ya kuikalia nchi hiyo tangu 1915, na mwaka 1935 serikali ya Haiti yenyewe ikatunga sheria dhidi ya kile ilichokiita desturi za kishirikina. Kwa hiyo Dunham alifika katika nchi ambamo ibada za Vodou zilikuwa zikiandamwa na wenye mamlaka na kudharauliwa na wasomi, na bado aliweza kukaribishwa, hata akapitishwa katika hatua ya kwanza ya kuingizwa katika dini hiyo. Alikaribishwa kwa sababu aliweza kucheza. Mtu anayejifunza *yanvalou*, ile ngoma ya mungu nyoka Damballa ambayo uti wa mgongo wote hupita kama wimbi kutoka kiunoni hadi shingoni huku magoti yamekunjwa, hawezi kuonekana mpelelezi kwa muda mrefu. Wapo wanaosema kwamba mtafiti anayeshiriki ibada hupoteza uwezo wa kupima. Kwa ngoma, hoja hiyo naiona dhaifu, kwa kuwa sehemu kubwa ya maarifa yake haionekani kutoka kwenye benchi. Mtazamaji ataandika kwamba wachezaji walichoka, na mchezaji atajua ni pumzi ya ngapi ambapo uchovu hugeuka kuwa kitu kingine.

Matokeo ya safari hiyo yalikuwa andiko juu ya ngoma za Haiti, lililochapishwa Mexico mwaka 1947, ambalo linazipanga ngoma kwa matumizi yake: zile za ibada, zile za burudani, na zile zinazosimama mpakani. Ndani yake ngoma haielezwi kwa hatua peke yake. Anauliza nani anacheza, nani anatazama, saa ngapi, baada ya tukio gani, na kitu gani kitaharibika isipochezwa. Kwa sisi tuliokulia karibu na jando na unyago maswali hayo si mageni, lakini katika vyuo vya Marekani vya wakati ule dansi haikuhesabiwa kuwa jambo linalostahili kuulizwa hivyo. Alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1936, akaanza masomo ya juu, kisha akayaacha na kuchagua jukwaa.

Sasa nifike kwenye kazi ambayo naiona kuwa bora kuliko zote alizotunga. Tarehe 27 Januari 1938, chini ya mpango wa serikali wa kuwapa wasanii ajira wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, alionyesha Chicago mchezo wa dansi uitwao *L'Ag'Ya*. Jina hilo ni la mchezo wa kupigana wa Martinique, ambao wapiganaji wawili huzungukana, hurukiana na kukwepana kwa mdundo wa ngoma. Dunham aliutungia hadithi iliyowekwa katika kijiji cha wavuvi: Alcide anampenda Loulouse, Julot anamwonea wivu, anakwenda kwa mfalme wa mazimwi kutafuta dawa ya mapenzi, na mwishowe wanaume hao wawili wanapambana kwa agya mpaka Alcide anauawa. Ukitazama kwa juujuu ni hadithi ya mapenzi kama nyingine. Angalieni, hata hivyo, agya imewekwa mahali gani. Mtunzi wa kawaida angeileta mwanzoni, kwenye sherehe ya kijiji, ili watazamaji wapate kionjo cha ugeni wa visiwa. Dunham ameiweka pale ambapo maneno na dawa vimeshindwa na hakuna njia nyingine ya kumaliza ugomvi. Yaani ameirudishia kazi yake. Hadhira ya Chicago isiyoijua Martinique ililazimika kuitazama agya kama watu wa Martinique wanavyoitazama, kwa hofu ya nani atabaki amesimama.

Nadhani hapa pana jibu kwa tatizo ambalo sisi pia tulilikuta. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilipokusanya ngoma za makabila na kuzipeleka katika kikundi cha taifa, ngoma kama sindimba ya Wamakonde iliondolewa katika mazingira yake, ikafupishwa, ikapangwa mistari, ikachezwa kwa ajili ya wageni. Viuno vilibaki, sababu ya viuno ikaachwa nyumbani, na ndipo watu wakaanza kulalamika kwamba ni ngoma chafu. Dunham naye alikutana na lawama ya namna hiyo: mwaka 1944 wakuu wa jiji la Boston waliipiga marufuku kazi yake *Rites de Passage*, inayohusu vijana kuvushwa kuingia utu uzima. Tofauti ni kwamba yeye aliujengea mchezo wake muundo wenye sababu yake ndani, hivyo aliyelalamika alilazimika kulalamikia jambo lenyewe zima.

Ya New York nayapita haraka. Mwaka 1940 alicheza Broadway katika *Cabin in the Sky* pamoja na kikundi chake, akishirikiana na mtunzi wa baleti George Balanchine katika kupanga dansi; mwaka 1943 alionekana katika filamu ya *Stormy Weather*; na mwaka huohuo onyesho lake *Tropical Revue* likaanza kuzunguka Marekani chini ya promota Sol Hurok, ambaye aliyajaza magazeti habari za bima ya miguu ya Dunham. Wachambuzi wengi waliandika kuhusu miguu hiyo. Aliyesaidia kazi yake kuliko promota yeyote ni mumewe John Pratt, waliyeoana mwaka 1941, msanifu wa maleba na mandhari, ambaye mavazi yake yaliiwezesha hadhira kujua bila kuambiwa kwamba imetoka kijijini na kuingia mjini.

Jambo moja la safari hizo lisipitwe. Louisville, mji wa jimbo la Kentucky, mwaka 1944, baada ya onyesho, alisimama mbele ya ukumbi ambao watu weusi walitengewa viti vyao peke yao, akawaambia watazamaji kwamba hatarudi tena mpaka ukumbi uwaruhusu watu wa rangi zote kukaa pamoja. Mwaka 1950, São Paulo, hoteli moja ilikataa kumpokea. Malalamiko yake yalisikika katika Bunge la Brazil, na mwaka 1951 nchi hiyo ikapitisha sheria ya Afonso Arinos, ya kwanza kuadhibu ubaguzi wa rangi katika huduma za umma.

Katikati ya miaka ya 1940 alifungua shule New York. Wanafunzi walijifunza baleti na ngoma za Karibi, pia uigizaji, lugha, falsafa na anthropolojia. Mwimbaji Eartha Kitt alitoka humo, na waigizaji wa filamu Marlon Brando na James Dean walipita. Huko ndiko mbinu yake ya kufundisha ilikokomaa. Mwanafunzi huanza kwa kushika fito ya mazoezi kama katika baleti, lakini kiwiliwili, ambacho baleti hukishikilia kama kitu kimoja na kukibana kisitikisike, hapa hugawanywa: bega hufuata mdundo mmoja, mbavu mwingine, kiuno mwingine, kichwa mwingine, mpaka mwili mmoja ubebe midundo ambayo wapiga ngoma watatu wanaipiga. Pumzi hufundishwa kama hatua. Wapiga ngoma huwa ndani ya chumba, kwa sababu mwalimu anayebonyeza santuri hawezi kujibizana na mwanafunzi anayechelewa.

Kikundi chake kilitembelea nchi zipatazo 57, bila msaada wa kudumu wa serikali. Sababu mojawapo ya kukosa msaada ni kazi aliyoionyesha Santiago, Chile, mwaka 1951, iitwayo *Southland*. Kazi hiyo inaonyesha mwanamke mzungu akimsingizia kijana mweusi kwamba amembaka, umati ukimuua kijana huyo, na maiti yake ikining'inia mtini jukwaani. Ubalozi wa Marekani ulikasirika, na baadaye, Wizara ya Mambo ya Nje ilipoanza kuwagharamia wasanii wa dansi kuzunguka dunia, Dunham hakuwamo. Mwaka 1954 aliyepelekwa Amerika Kusini alikuwa mtunzi mwingine wa dansi, José Limón. Dunham aliirudia *Southland* Paris mwaka 1953, kisha akaiweka kando. Wapo wanaosema alifanya kosa la kibiashara, na kwa hesabu za fedha wako sahihi. Lakini mtu aliyeandika kwamba ngoma hutambuliwa kwa kazi inayoifanya angewezaje kuuliza kwanza kama kazi hiyo itampendeza balozi?

Mwaka 1963 alitunga dansi za opera ya *Aida* katika Metropolitan Opera ya New York. Miaka miwili baadaye alikuwa Dakar, akimshauri Rais Senghor wa Senegal katika matayarisho ya Tamasha la Dunia la Sanaa za Watu Weusi la 1966. Baada ya hapo angeweza kurudi New York na kuishi kwa sifa. Alikwenda East St. Louis, mji wa viwanda vilivyokuwa vikifungwa, wenye vijana wasio na kazi na magenge yenye silaha, na mwaka 1967, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Southern Illinois, akaanzisha kituo cha mafunzo ya sanaa. Mwaka huohuo polisi walimkamata alipokwenda kupinga kukamatwa kwa vijana. Vijana wa magenge aliwapa ngoma za kupiga na sanaa za kujihami kabla ya kuwapa dansi, na wanaoikumbuka agya hawatashangaa: alikuwa amesoma Martinique kwamba jamii inaweza kuutia ugomvi ndani ya mdundo ili usiwaue watu ovyo. Hii ndiyo sehemu ya maisha yake ambayo vitabu vya historia ya dansi huipa aya moja, nami naona ndipo alipofika mbali zaidi, maana ngoma iliyotoka kijijini na kupita jukwaani ilirudi mtaani kufanya kazi.

Mwaka 1992, akiwa na miaka 82, aligoma kula kwa siku 47 kupinga namna Marekani ilivyokuwa ikiwarudisha kwao wakimbizi wa Haiti, mpaka Rais Jean-Bertrand Aristide wa Haiti, aliyekuwa uhamishoni, alipomsihi aache.

Katika safari ya 1935 na 1936 Dunham alibeba kamera, na picha alizopiga, zisizo na sauti, zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Miongoni mwake wamo wanaume wa Martinique wakicheza agya. Nitawaonyesha kipande hicho sasa, halafu kipande cha pambano la mwisho la *L'Ag'Ya*, na ninaomba mtazame miguu ya anayeshambuliwa kuliko ya anayeshambulia, kwa kuwa hapo ndipo mtunzi alipobadilisha mambo, na ndipo ningependa maswali yenu yaanzie.