Ligi ya Watoto Isiyojali Mpaka

HAJI: Assalamu alaykum wasikilizaji wetu wa Unguja, wa Pemba na mulio safarini. Leo mwenzangu kanijia na barafu. Si ya ubuyu wala ya kuwekea samaki. Ya kuchezea mpira wa magongo, hiyo hoki ya barafu! Nimemwambia, Salma, watu watatuzimia simu.

SALMA: Wa alaykumu salaam. Wasituzimie, wanisikilize kwanza. Kila tukizungumzia ligi zetu za vijana, Juvenile, Junior, Central, lazima atokee mtu aseme sisi Wazanzibari tu wachache, hatuwezi kutoa mchezaji wa maana. Sasa miye nikasema tuitazame Slovenia.

HAJI: Iko upande gani hiyo?

SALMA: Imepakana na Italia, Austria, Hungaria na Kroatia. Watu wake ni kama milioni 2. Sisi kwa sensa ya 2022 tumekaribia milioni 1.9.

HAJI: Kumbe tunalingana!

SALMA: Kwa vichwa tu. Na usidhani kila mtoto wa kule anashika gongo. Wana kandanda, wana mpira wa kikapu, wana kuteleza milimani. Wanaobakia kwenye hoki ni haba. Lakini 2006 akatoka Anže Kopitar, akaingia NHL, ile ligi kubwa ya Amerika Kaskazini, na Los Angeles Kings. Mslovenia wa kwanza. Kombe la Stanley, ndilo kombe la bingwa wa ligi hiyo, akalichukua 2012, akalirudia 2014.

HAJI: Mmoja huyo. Hata sisi Feisal Salum tunaye.

SALMA: Hebu ngoja. Mwaka huohuo wa 2014, Olimpiki ya Sochi, timu yao ya wanaume inashiriki kwa mara ya kwanza. Ikaifunga Slovakia 3 kwa 1, ikaifunga Austria 4 kwa 0, ikaingia robo fainali. Na kocha nani? Babake Kopitar, Matjaž.

HAJI: Baba kocha, mwana mshambuliaji! Hapa barazani pasingelalika.

SALMA: Wangesema mpaka wachoke. Maana huyo baba ndiye aliyemgandishia maji uani, mtoto akaanza kuteleza ana miaka minne. Ni watu wa upande wa Jesenice, mji wa kiwanda cha chuma. Klabu ya pale ilianzishwa 1948, na ubingwa wa Yugoslavia, nchi ya zamani iliyokuwa na Slovenia ndani yake, iliuchukua mara 23.

HAJI: Sisi magongo tuliyoyapeleka Olimpiki ni haya ya kawaida, yasiyo na barafu, Tanzania, Moscow 1980. India walitupiga 18 kwa 0.

SALMA: Loo, umelikumbuka hilo tu?

HAJI: Nitalisahau vipi! Haya, nieleze hao watoto wanachezaje. Kiwanja kimoja cha barafu, watoto wako kumi hapa, wako wanane pale, ligi inatoka wapi?

SALMA: Hapo ndipo penyewe. Kiwanja kizima ni mita 60 kwa 30 hivi. Mtoto wa miaka saba umwachie kote huko, ataigusa paki, hicho wanachokipiga badala ya mpira, mara ngapi? Kwa hiyo wadogo wanachezeshwa kwa kukatisha upana. Kiwanja kinagawiwa mapande, magoli madogo yanawekwa ubavuni, na mechi mbili au tatu zinakwenda kwa pamoja. Kila baada ya dakika moja na ushei king'ora kinalia, waliomo wote wanatoka, wengine wanaingia. Hakuna wa kukaa benchi mpaka jioni kwa sababu babake hajuani na kocha.

HAJI: Hilo dongo limenifika.

SALMA: Limfike anayehusika. Paki yenyewe ya wakubwa ni kipande cha mpira mgumu, gramu 170 hivi, na huwekwa kwenye friji kabla ya mechi ili isidundedunde. Nchi nyengine wadogo hupewa nyepesi zaidi. Na kugongana miili hawaruhusiwi mpaka wakue.

HAJI: Wakishakua je? Timu ni zilezile chache. Utamfunga jirani yako mara ngapi?

SALMA: Ndio wakavuka mpaka. Austria kulikuwa na ligi za vijana, timu za Slovenia na Hungaria zikaingizwa humo. Kijana wa Jesenice anapanda basi, anakwenda kucheza Austria, usiku yuko kwao, asubuhi skuli. Hawakusubiri wawe wengi. Walitafuta wapinzani.

HAJI: Na wakali wanahamia hukohuko. Kopitar alikwenda Sweden 2004, hata miaka 18 hajatimiza. Nyumbani kinabaki nini?

SALMA: Kinabaki kiwanja na makocha waliomfunza. Miye hilo la kuondoka halinikoseshi usingizi. Wetu wanaondoka vilevile kwenda Bara, ila wetu wanakwenda hawajakutana na wapinzani wa kutosha. Kijana wa Wete anacheza na walewale kila msimu. Tanga iko hapo ng'ambo ya mkondo, kilomita hamsini na kitu. Kwa nini vijana wa Pemba wasicheze ligi na wa Tanga?

HAJI: Bahari si basi, Salma! Nani atalipa nauli ya boti? Na mama gani wa Wete atamwachia mtoto wa miaka 13 avuke mkondo kusi limechafuka?

SALMA: Wasivuke kila wiki. Wakati wa likizo ya skuli, wakae siku kadhaa wacheze mechi mfululizo, warudi. Mwaka wa pili wa Tanga waje Pemba, kiwanja cha Gombani.

HAJI: Chama gani kitawasajili? Huku kivyake, kule kivyake. Timu ikikata rufaa inapelekwa wapi?

SALMA: Watoto wa miaka 13 wakate rufaa ya nini, Haji?

HAJI: Wewe huwajui viongozi wa timu za watoto! Tukitoka kwenye tangazo nitakusomea kanuni ya usajili, halafu uniambie boti itaondoka saa ngapi.